Fremu Arobaini na Tano

Miwani niliinunua Luthuli, ghorofa ya pili,
kwa mtu aliyekuwa na haraka ya kuhamia Eldoret.
Lenzi ya kushoto ina mkwaruzo mwembamba kama unywele,
na mkwaruzo huo sasa unakaa angani,
kusini mwa Ngong, daima,
niruke niendako.

Usiku wa kwanza nilitapika kwenye karai.
Awuor akasema, hujapaa hata futi moja
na tayari wewe ni abiria.
Akatoa futi yake ya cherehani, ile ya viuno na mabega,
akanisimamisha chini ya balbu,
akapima mboni kwa mboni:
sitini na sita.
Mashine ilidhani sitini na tatu.
Milimita tatu tu, kumbe ndizo zilizoupinda upeo wa macho,
ndizo zilizonitua kando ya lami
kama mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake.

Lakini saa ya kimo bado haikusomeka.
Ni tano au sita? Nane au tatu?
Kwa rubani wa Wilson tofauti hiyo
ni uwanja, au ni paa la mtu.
Nikapandisha pikseli. Tarakimu zikanyooka, safi,
na dunia ikaanza kukwama:
bawa linakuja, linasita, linakuja,
mwenye kigugumizi akilitaja jina la mchumba.
Feni ikalia hadi Mama Kwamboka akagonga ukuta.

Njia mbili zilimshinda fisi.
Nami hapo, mguu huku uangavu, mguu huku ulaini,
msamba ukitaka kupasuka.

Basi nikaanza kupunguza.
Vivuli kwanza. Nani hutazama kivuli cha nyasi?
Kisha mawingu, yale mazito ya Aprili,
yakawa pamba ya godoro kuukuu.
Kisha magari ya Barabara ya Lang'ata:
msongamano uliisha kwa kubofya mara moja,
na sikuunda hata kamati.
Miti ya Karura nikaikata nusu, bila kibali.
Mwisho, kitu kinachoitwa wingi wa majengo.
Nikakisogeza kushoto, kidogo,
kidogo tena,
na bawa likatulia.

Arobaini na tano kwa sekunde. Thabiti.
Nusu nyingine mashine hubuni yenyewe,
fremu moja ya kweli, moja ya kukisia,
na jicho, mjinga wetu mwaminifu, humeza zote.
Nikamweleza Awuor. Akakata uzi kwa meno:
hivyo ndivyo mwisho wa mwezi unavyopita.

Nikapaa njia ya kumi na nne, nikakata kushoto,
South C, reli, Mukuru,
kisha Pipeline, kwetu.

Hapakuwa na Pipeline.
Palikuwa na kijani cha kadi ya salamu
na majengo matatu pacha, yasiyo na kamba za nguo.
Ghorofa yetu ya saba ilikuwa hewa.
Nikapita katikati ya jikoni
na picha haikukwama hata kidogo.
Karai, cherehani, ukuta wa Mama Kwamboka na ngumi yake,
vyote nilikuwa nimevifuta
ili nisome namba.

Futi elfu sita na mia mbili. Wazi kabisa.
Nikazunguka mara mbili, nikiisoma.

Kisha nikaunyoosha mkono gizani, nikaitafuta panya,
nikarudisha kitelezi kulia.
Fremu thelathini. Ishirini na sita.
Tumbo likaanza manung'uniko yake ya zamani.
Nyumba zikaja mojamoja, kwa kusuasua,
kama madirisha stima inaporudi,
na namba zikavaa ukungu, tano au sita, sijui.

Nyuma yangu cherehani ikanyamaza.
Umefika wapi?
Juu ya nyumba.
Unaniona?

Ngoja, nikasema, nimeinamisha bawa,
ngoja kidogo,
bado unachorwa.